Siku tatu Moustiers, na mama mwenye magoti mabovu

Swali, kutoka Lyon: "Mama yangu ana miaka 66, anakuja kunitembelea kutoka Lushoto mwishoni mwa Juni. Nataka kumpeleka kwenye kile kijiji cha kale cha milimani chenye nyota inayoning'inia kati ya majabali mawili, aone pia korongo la Verdon na mashamba ya lavenda. Wanangu, mmoja 15 mwingine 12, wanataka kutembea ndani ya korongo lenyewe. Magoti ya mama si mazuri. Gari tunalo moja. Twende wiki gani, na siku moja itatosha?"

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Kijiji unachokisema ni Moustiers-Sainte-Marie, na siku moja haitoshi. Kutoka Lyon ni karibu kilomita 400, mwendo wa saa nne na ushee kama barabara ni nyeupe. Ukienda na kurudi siku hiyohiyo mama ataona barabara kuu, maegesho ya magari na mgongo wa kiti cha mbele.

Nasema hivyo kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza wageni huku Provence, kusini mwa Ufaransa, nilimchukua shangazi yangu na wanawe, tukafika saa sita mchana, mwezi Julai. Maegesho yamejaa, jua la kupasua kichwa. Nikazungukazunguka, mwisho nikaacha gari chini kabisa ya mlima. Shangazi alipanda kidogo, akakaa kwenye ukuta wa mawe, akavua viatu, akaniambia, "Hiyo nyota wewe nenda, mimi niletee picha." Ziara yake ikaishia pale ukutani.

Moustiers ni kijiji cha asubuhi na jioni. Wakazi wake ni kama 700 tu, lakini mchana wa Julai vichochoro hujaa mpaka watu wanapishana kwa mabega. Ikifika saa kumi na moja jioni wageni wa siku moja huanza kuondoka, na hapo ndipo utasikia kile ambacho mchana hukisikii: kijito kinachoporomoka katikati ya kijiji, kinapita chini ya madaraja madogo ya mawe na kukigawa kijiji mara mbili. Kwa hiyo laleni hapo, usiku wa Jumanne, Jumatano na Alhamisi, muondoke Ijumaa. Mchana mnakimbia, mnawaachia wengine msongamano.

Wiki ni suala la kukata kati ya mambo mawili. Shule za Ufaransa hufungwa mwanzoni mwa Julai, na lavenda ya uwanda wa Valensole huanza kuvunwa katikati ya mwezi huohuo. Mashine ikishapita, linabaki shamba la vichuguu vya kijani. Wiki ya kwanza kamili baada ya shule kufungwa ndiyo yenu. Msisubiri sikukuu ya taifa ya tarehe 14, na Jumamosi msitie gari kwenye barabara kuu ya A7 hata kwa dawa, kwa sababu nusu ya Ulaya ya kaskazini inateremka baharini siku hiyo.

Lavenda msiitengee siku yake, maana iko njiani. Mtashuka na A7 mpaka karibu na Aix-en-Provence, mtapanda na A51 hadi Manosque, kisha mtakata kupitia Valensole na Riez kwenda Moustiers. Mashamba yanaanza mara tu mnapoukwea uwanda, kulia na kushoto. Mwambie mama kwamba sehemu kubwa ya anachokiona ni lavandini, mahuluti ya lavenda mbili. Haizai mbegu, hupandwa kwa vipande vya shina kama tunavyopanda muhogo. Lavenda asilia hupenda juu zaidi, kwenye baridi. Ingieni kwenye mistari kwa adabu, ni shamba la mtu na wanawe wanakula hapo, na nyuki ni wengi kweli. Hawana habari na wewe maadamu hukanyagi maua wala kuyachuma. Riez simameni dakika kumi muone nguzo nne za Kirumi zilizosimama peke yake kando ya nyasi, tangu karne ya 1.

Sasa kijiji chenyewe. Watawa kutoka visiwa vya Lérins, karibu na Cannes, walifika hapa karne ya 5 wakakaa kwenye mapango ya genge. Jina Moustiers linatokana na neno la monasteri. Nyumba zilizopo leo zimejibana juu ya mwamba laini wenye vitundu, ule unaojengwa na maji ya chokaa yanapotiririka miaka na miaka. Kanisa la chini lina mnara wa mraba wa mtindo wa Lombardia, na ukiingia ndani utaona sehemu ya mbele haijanyooka na sehemu ya watu, kwa sababu zilijengwa kwa nyakati tofauti, moja karne ya 12 na nyingine ya 14.

Nyota iko juu, katikati ya magenge mawili, kwenye mnyororo mrefu unaolegea kidogo. Wengi huitafuta dakika tano wakiwa wameinua shingo, kwa sababu ukiwa chini ni kama kijisarafu. Simama darajani, tafuta kwanza mnyororo kwenye genge moja, ufuate kwa jicho mpaka katikati. Saa za jioni jua likiipiga ndipo inapong'aa. Hadithi ni kwamba mtemi mmoja wa ukoo wa Blacas alitekwa katika Vita vya Msalaba, akaweka nadhiri kwamba akirudi salama ataning'iniza nyota juu ya kijiji chake. Wengine huihusisha na vita vya Mfalme Louis wa Tisa kule Damietta, Misri, mwaka 1249. Mama akiuliza waliomteka ni akina nani, mjibu tu kwamba ni Waislamu wa Misri waliovamiwa kwao, na kwamba kila kijiji husimulia vita kwa upande wake. Ni hadithi, si historia, na zipo nyingine kadhaa. Nyota yenyewe imeanguka mara nyingi. Hii ya sasa ilipandishwa 1957.

Juu ya kijiji, chini ya nyota, kuna kanisa dogo la Notre-Dame de Beauvoir. Kulifikia ni ngazi 262 za mawe. Hapa sitakudanganya. Urefu wake si tatizo, ni nusu saa ya mwendo wa pole. Tatizo ni kuteremka. Mawe yamesuguliwa na miguu ya mahujaji kwa karne nyingi mpaka yanateleza hata yakiwa makavu, na magoti mabovu huumia zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye mwinuko. Mama aliyekulia Lushoto, akapanda na kushuka kwenda shambani na mzigo kichwani, anaweza kukuambia hii ni nini bwana. Mwache aanze, saa moja asubuhi, kabla ya joto, na fimbo mkononi na viatu vya raba. Njiani kuna vibanda vidogo vya ibada vya mawe, kila kimoja ni mahali pa kupumzika. Kwenye kile ambacho atasema "basi", iwe basi kweli. Mandhari ya mapaa na bonde inaanza kuonekana mapema kuliko watu wanavyodhani.

Wale watakaofika juu wajue wanasimama wapi. Zamani wazazi waliofiwa na mtoto kabla hajabatizwa walipanda njia hii wakiwa wamebeba maiti yake, wakaomba afufuke kwa dakika moja tu, apumue, abatizwe, ndipo azikwe. Kila ninapopanda na wageni wanaopigana picha, ninakumbuka hilo.

Ukirudi chini, jambo la mama ni vyombo. Moustiers ilijulikana Ufaransa nzima kwa sahani. Karne ya 17 ukoo wa Clérissy ulianza kutengeneza hapa vyombo vya udongo vilivyofunikwa rangi nyeupe inayong'aa, na juu yake michoro ya buluu. Inasimuliwa kwamba siri ya weupe ule ililetwa na mtawa kutoka Faenza, Italia. Kisha Louis wa Kumi na Nne akaishiwa fedha kwa ajili ya vita vyake, akaamuru vyombo vya fedha na dhahabu viyeyushwe. Matajiri wakabaki bila sahani za kujivunia, wakakimbilia udongo. Moustiers ikanona. Baadaye vyombo vya viwandani vikaiua biashara, tanuri la mwisho likazimwa 1874, na kazi ikafufuliwa 1927 na Marcel Provence, ambaye ndiye pia aliyeanzisha jumba dogo la makumbusho ya vyombo hivyo. Ni mahali pa ubaridi, hakuna ngazi nyingi, pana michoro ya kuchekesha ya wanyama wasiokuwepo duniani.

Mama wa kwetu hahitaji kuelezwa kwa nini mtu apende sahani. Pwani tumetia kaure za Kichina kwenye makaburi ya Kunduchi na kwenye vidaka vya nyumba za Lamu. Ila mfafanulie kwamba hii si kaure. Ni udongo wa kawaida, mwekundu au wa manjano, uliovishwa weupe wenye bati ndani yake. Ukipasuka pembeni utauona udongo.

Kuhusu kununua, maduka ni mengi kuliko karakana. Geuza sahani. Upande wa chini tafuta sahihi ya brashi, si muhuri wa kubandika. Kisha chukua sahani mbili za mchoro uleule, ziweke sambamba: kama ua la hii ni pacha kamili wa ua la ile, brashi haikupita hapo. Mchoro wa mkono una mahali buluu ilipokolea kwa sababu mchoraji alituliza mkono, na mahali ilipopauka alipokuwa anamalizia wino. Muulize muuzaji karakana iko wapi. Mwenye karakana atakuonyesha kwa furaha. Asiyekuwa nayo ataanza kukueleza punguzo la bei.

Jumatano ni siku ya korongo, na hapa gari moja linatosha mkilipanga vizuri. Vijana wako bila shaka wanataka njia ya Blanc-Martel. Imepewa majina ya Isidore Blanc, mwalimu wa kijiji cha Rougon, na Édouard-Alfred Martel, mtafiti wa mapango, waliolivuka korongo hili mwaka 1905, jambo ambalo kabla yao hakuna aliyerekodiwa kulifanya lote. Ni kati ya kilomita 14 na 16, mwendo wa saa sita au saba, kutoka Chalet de la Maline hadi Point Sublime. Mle ndani hakuna duka wala bomba la maji, na ukishashuka huna mlango wa kutokea katikati. Kuna ngazi za chuma zipatazo 250 zilizosimama wima mahali paitwapo Brèche Imbert, na mahandaki ya giza totoro yaliyochimbwa kwa mradi wa umeme ambao haukukamilika. Moja lina urefu wa karibu mita 670. Taa za kichwani ni lazima. Simu itaisha chaji na mikono mnaihitaji.

Kijana wa miaka 15 aliyezoea kutembea, sawa. Wa miaka 12, mjue ninyi wazazi: kama mlishampeleka milimani siku nzima hakulalamika, aende na baba yake. Kama mwendo wake mrefu ni kutoka nyumbani hadi kituo cha metro, msianzie hapa. Njia mbadala ni kuegesha gari mahali paitwapo Couloir Samson, kushuka mtoni, kupita hilo handaki refu na kurudi palepale. Ni mwendo wa saa mbili, wanapata giza, baridi, madimbwi na maji ya kijani, na wanarudi wakijiona majabari. Mimi kwa mtoto wa miaka 12 ningechagua hii bila kufikiri mara mbili.

Mkichagua njia ndefu, fanyeni hivi. Saa moja asubuhi baba na vijana washushwe La Maline, wakiwa na lita tatu za maji kila mmoja. Wewe na mama mrudi kijijini La Palud-sur-Verdon mkanywe kahawa. Ikifika saa nne, ingieni barabara ya Route des Crêtes kutokea upande wa mashariki wa La Palud. Ni mzunguko wa kilomita 23 na kipande chake ni cha kwenda upande mmoja tu, ukianzia magharibi utageuzwa. Nasema saa nne kwa sababu ya tai. Ni tumbusi wakubwa, mabawa yao yanakaribia mita 2 na nusu. Walikuwa wametoweka, wakarudishwa Rougon kuanzia 1999. Asubuhi na mapema wamekaa majabalini. Jua likishapasha miamba, hewa moto inapanda na wao wanapanda nayo bila kupiga bawa, na kwa kuwa wewe umesimama juu ya ukingo, utawaona migongo. Kumtazama tai kwa juu si jambo la kila siku. Vituo vya kutazamia viko hatua chache kutoka garini na vina vyuma vya kushikia, mama hana cha kupanda. Chini ya miguu ni mita mia kadhaa. Mahali pengine korongo linafika mita 700. Usishangae asiposhangaa. Mtu wa Lushoto amesimama Irente akaona Mazinde iko chini kama kitambaa kilichotandikwa.

Alasiri mnakwenda kuwachukua Point Sublime. Mpatane saa, na mpatane kwamba wakichelewa saa moja hakuna wa kupiga kelele, kwa sababu ndani ya korongo simu haishiki. Namba ya dharura ni 112.

Onyo moja nalirudia kwa kila mgeni: msivuke mto kwa miguu, hata uonekane wa magotini. Juu ya Castellane kuna mabwawa ya umeme ya Castillon na Chaudanne. Yakifungua maji, Verdon unajaa ghafla, mbingu nyeupe pe, hakuna wingu. Na kiberiti hakiwashwi popote. Siku za upepo na ukame njia zenyewe hufungwa kwa hofu ya moto, ulizeni ofisi ya utalii ya kijiji jioni ya kuamkia.

Alhamisi ni ziwa. Sainte-Croix ni ziwa la kutengenezwa, lilijazwa miaka ya 1973 na 1974, na kijiji cha Les Salles-sur-Verdon kilizama humo. Watu wakajengewa kingine juu ya ukingo kwa jina lilelile. Wazee waliohamishwa Mtera na Nyumba ya Mungu wangewaelewa. Nendeni daraja la Galetas, mahali mto unapotoka korongoni kuingia ziwani, muwe pale kabla ya saa tatu asubuhi. Boti za petroli haziruhusiwi, kwa hiyo utapata kayaki, boti za kupiga pedali na boti za umeme. Mchukulie mama ya umeme. Atakaa kwenye kivuli, mtaingia taratibu katikati ya kuta za mawe, na magoti yake hayatadaiwa chochote. Kila mtu avae jaketi la kuokolea. Mchana upepo huamka, na kurudi kwa pedali dhidi ya upepo ni adhabu. Waulizeni pia kina cha maji: kiangazi cha 2022 ziwa lilikauka kiasi kwamba boti zilishindwa kuingia korongoni.

Hukuuliza, ila najua wengi hujiuliza: ziwani unaweza kuogelea na vazi lako la kujisitiri. Miji kadhaa ya pwani ililipiga marufuku vazi hilo fukweni mwaka 2016, zogo likazuka, na mahakama ya juu ya utawala ikasimamisha mojawapo ya marufuku hayo mwaka huohuo. Mabwawa ya kuogelea ya manispaa na ya hoteli yana kanuni zake, hayo ni mengine.

Chakula. Jikoni za mikahawa ya huku hufungwa saa nane mchana. Ukifika saa nane na nusu utapewa kahawa na tabasamu. Kama mnakula halali, pangeni nyumba yenye jiko badala ya hoteli, na nyama mnunue Lyon mje nayo kwenye boksi la barafu, kwa sababu Moustiers hutapata. Nje kuleni samaki, mboga, jibini ya mbuzi ya Banon iliyofungwa kwenye majani. Mchuzi wa ng'ombe wa kienyeji, daube, umepikwa kwa mvinyo. Supu ya maharage na rihani, ile pistou, ulizeni kwanza kama haina nguruwe. Na mwandae mama kuhusu saa: Magharibi wiki hiyo inaingia karibu saa tatu na robo usiku, na kama alizoea kula baada ya kuswali, tumbo litamlilia.

Ijumaa asubuhi kijijini kuna soko. Mama apate nafasi ya kupatana bei ya asali na sabuni, ndipo mwondoke kabla ya saa tano. Akinunua sahani, asiikubali ile karatasi ya dukani peke yake. Aivingirishe kwa kanga mbili, na siku ya kurudi Tanzania asiiweke kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, aipakate.